Kufunika si kuziba: jinsi ya kufunga kisima kilichotelekezwa shambani

Februari 2022, katika kijiji cha Ighrane kaskazini mwa Moroko, mtoto wa miaka 5 alitumbukia katika kisima kikavu chenye kina cha mita 32. Kisima kilikuwa chembamba mno, hakuna mtu mzima aliyeweza kushuka akamfikia. Waokoaji wakachimba shimo kubwa pembeni, kisha wakapasua njia ya chini kwa chini kumfuata. Kazi ikachukua siku tano, na walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Miaka mitatu kabla ya hapo, Januari 2019, mtoto wa miaka 2 alitumbukia huko Totalán, kusini mwa Hispania, katika tundu lililochimbwa kutafuta maji. Lilikuwa na upana wa sentimita 25 hivi na kina cha zaidi ya mita 100. Mwili wake ulipatikana baada ya siku 13.

Sentimita 25 ni upana wa sahani ya chakula.

Ninaanza na habari hizi, japo zinauma, kwa sababu watu wengi wenye kisima cha zamani shambani huamini wameshakimaliza. Wameweka bati juu, wakapachika jiwe, au wamelaza magogo wakamwaga udongo mpaka nyasi zikaota. Hapo kisima kimefunikwa, lakini hakijazibwa. Gogo linaoza, mchwa wanalila kutoka chini ambako hakuna anayeliona, bati linashika kutu. Miaka inapita, aliyekifunika anahama au anafariki, na aliyebaki hajui kama chini ya nyasi zile kuna shimo. Kisima kilichofunikwa vibaya ni hatari kuliko kilicho wazi, maana kilicho wazi walau kinaonekana.

Hatari ya pili haina kelele. Ardhi ni chujio. Mvua inayonyesha juu hushuka polepole kupitia udongo, mchanga na mfinyanzi, na njiani uchafu mwingi hunaswa. Kisima ni tundu lililotobolewa kwenye chujio hilo. Kikitelekezwa, maji yanayotiririka juu ya ardhi yakiwa yamebeba samadi, mbolea, dawa za kuulia wadudu au uchafu wa choo hushuka moja kwa moja hadi kwenye maji ya chini. Maji hayo hayatulii mahali pamoja, yanatembea, na yanaweza kutokea katika kisima cha jirani ambaye hajawahi kukanyaga shamba lako. Chukua mfano wa nitrati zitokanazo na mbolea na vinyesi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja ya maji ya kunywa ili kuwalinda watoto wachanga, hasa wanaokorogewa maziwa ya unga, kwa kuwa nitrati zikizidi damu yao hushindwa kubeba oksijeni inavyopaswa. Nitrati hazionekani, hazina harufu, na kuchemsha maji hakuziondoi.

Kwa hiyo kuziba kisima maana yake ni kuirudisha ardhi karibu na ilivyokuwa kabla ya kutobolewa. Palipokuwa na mchanga unaopitisha maji, weka kitu kinachopitisha maji. Palipokuwa na mfinyanzi unaozuia, weka kitu kinachozuia. Ukilishika hilo, hatua zote zinazofuata zitakuwa na maana kwako, na hata ukikutana na jambo ambalo mwongozo huu haukulitaja utaweza kuamua.

Kabla hujaanza

Kwanza jiulize kama kisima kweli kimekwisha kazi. Kisima kilichokauka wakati wa kiangazi kirefu huenda kikarudisha maji, na kingine kilichoharibika pampu kinahitaji fundi tu. Kama unadhani utakihitaji tena, usikijaze. Kifunike kwa bamba la zege lenye nondo, lililokaa juu ya ukuta uliopanda walau nusu mita kutoka ardhini, lenye mlango mdogo wa chuma unaofungwa kwa kufuli. Kama ni kisima cha bomba, weka kofia ya chuma iliyofungwa kwa boliti au kuchomelewa. Huo ni mfuniko wa kungoja. Ungali na wajibu wa kuukagua.

Kama umeamua kuziba, nenda kwanza kwenye ofisi inayosimamia maji katika eneo lako. Nchi nyingi zina sheria kuhusu kufunga visima. Baadhi hutaka kibali, na baadhi hutaka kazi ifanywe na mchimbaji mwenye leseni. Mara nyingi ofisi hizo pia hutunza kumbukumbu za uchimbaji: kina, aina ya udongo kwa kila tabaka, mahali maji yalipopatikana. Karatasi hiyo moja inaweza kukuondolea nusu ya mashaka.

Huenda pia kuna visima ambavyo hata huvijui. Waulize wazee waliolima hapo zamani walikuwa wakichota maji wapi. Tembea shamba lote wakati wa kiangazi na utafute kipande cha bomba kilichochomoza, duara la matofali au zege, mahali palipobonyea na panaendelea kubonyea kila ukifukia, au kiraka cha majani mabichi wakati kwingine kote kumekauka. Tembea na fimbo ndefu ukigonga mbele yako, na usitembee peke yako. Ukisikia mlio wa utupu chini, rudi nyuma kwa njia ile ile uliyoijia.

Ukikipata, weka uzio siku hiyo hiyo. Nguzo na waya, mbali kidogo na mdomo, na watoto wote wa jirani waelezwe. Kazi yenyewe inaweza kungoja wiki tatu, uzio usingoje hata usiku mmoja.

Usishuke kisimani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wazima wanapofia.

Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ndani ya kisima kilichokaa bila kutumika, majani yanayooza, kutu ya mabomba na vijidudu huila oksijeni hiyo. Kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa, hujaa chini kama maji yajazavyo ndoo. Huenda pia kukawa na methani inayolipuka, au salfidi ya hidrojeni, ile yenye harufu ya yai bovu. Hiyo ya mwisho ina hila mbaya: ikiwa nyingi hulemaza pua, harufu ikapotea, na mtu akadhani hewa imesafika. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 10, mtu huzirai bila kupata muda wa kupiga kelele.

Kisha anafuata wa pili. Anamwona ndugu yake amelala chini, anashuka kumtoa, naye anaanguka. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, NIOSH, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu za namna hii walikuwa watu waliokwenda kuokoa wengine. Kwa hiyo panga kazi nzima ifanyike kutoka juu. Hakuna hatua katika mwongozo huu inayomtaka mtu ashuke, na kama kuna jambo haliwezekani bila kushuka, hapo ndipo pa kumwita mtaalamu mwenye kipima-hewa, feni ya kusukuma hewa na kamba za uokoaji.

Mshumaa wa kuteremshwa na kamba, ambao mafundi wengi wa zamani waliutegemea, usiutumie. Ukiwaka hautakwambia lolote kuhusu salfidi ya hidrojeni, na ukikuta methani utawasha moto. Vilevile usiteremshe pampu ya petroli ndani ya kisima, wala usiiwashe mdomoni, maana moshi wake una monoksaidi ya kaboni inayoua bila harufu.

Mdomo wa kisima nao si wa kuaminiwa. Matofali ya juu huwa yamelegea, na udongo nyuma yake umeliwa na maji. Anayefanya kazi karibu avae mkanda wa usalama wa mwili mzima, ufungwe kwa kamba kwenye mti imara au nguzo iliyo nyuma yake, na kamba iwe fupi kiasi kwamba hata akiteleza hawezi kuingia. Kamba ya kiunoni haifai, humvunja mtu mgongo. Lori la mchanga lisirudi kinyumenyume hadi mdomoni. Limwage mzigo mbali, kisha toroli na mfereji wa mabati vimalizie.

Kupima

Funga kipande cha chuma kwenye kamba isiyonyumbulika, itie alama kila mita, na uishushe polepole. Utapata vipimo viwili: umbali hadi uso wa maji, na umbali hadi chini kabisa. Pima na upana wa mdomo. Kama una karatasi ya uchimbaji, linganisha. Kisima kilichoandikwa mita 40 na kamba ikagota kwenye 22 kina kitu kimekwama ndani, na kitu hicho lazima kitoke au kitobolewe kabla ya kuziba.

Hesabu ni hii: nusu ya upana, zidisha kwa nusu ya upana, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa kina. Kisima cha upana wa mita 1.2 kina nusu-upana wa 0.6; 0.6 mara 0.6 mara 3.14 ni mita za ujazo 1.13 kwa kila mita ya kina. Kikiwa na mita 15, utahitaji mita za ujazo 17 za vifaa. Hizo ni safari kadhaa za lori. Piga hesabu mapema ili usijikute umefika katikati na mchanga umekwisha, maana ni katikati hapo ndipo watu huanza kutupa chochote kilicho karibu.

Kusafisha na kutia klorini

Ondoa kila kisichokuwa sehemu ya ardhi: pampu, bomba la kupandishia maji, kamba, ndoo zilizozama, magogo, mizoga. Tumia kulabu na kapi iliyotundikwa kwenye miguu mitatu ya miti au chuma. Pampu iliyoshikwa na kutu inaweza kuhitaji mashine ya wachimbaji, basi walipwe waitoe. Kifaa cha chuma au plastiki kikiachwa ndani huacha nafasi pembeni yake, na maji hupita hapo hata ukimwaga saruji nzuri namna gani. Miti iliyoachwa itaoza na kila ulichoweka juu yake kitashuka.

Kisha ua vijidudu, maana unachokifungia humo ndani ndicho kitakachokaa na maji ya watu. Lengo ni miligramu 100 za klorini kwa kila lita ya maji. Kwa klorini ya maji yenye nguvu ya asilimia 5, hiyo ni lita 2 kwa kila mita ya ujazo. Kwa klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, ni gramu 155 hivi. Kisima chetu cha mfano, kikiwa na maji ya kina cha mita 4, kina mita za ujazo 4.5 za maji, basi kitataka lita 9 za klorini ya maji au gramu 700 za unga. Unga uloweke kwanza katika ndoo ya maji safi mahali penye upepo, ukivaa glovu na miwani, na usiuchanganye na dawa nyingine yoyote ya usafi kwani gesi itokayo ni sumu. Mwaga, ukilowesha na kuta, na uache hadi kesho yake.

Kujaza kisima kilichochimbwa kwa mkono

Kuna vitu ambavyo havipaswi kuingia humo kabisa: takataka, matairi, matawi, samadi, betri, makopo ya dawa, udongo wa juu wenye mizizi na mboji. Najua shimo kubwa huita takataka. Lakini kila ukitupacho humo kitalowa katika maji ambayo mtu mwingine anakunywa, na kwa kuwa kitaoza, ardhi itabonyea tena.

Anza chini na kokoto safi au mchanga mkavu uliooshwa. Mwaga polepole, pembeni ukutani kisha katikati, ukishusha kamba yako kila baada ya toroli kadhaa kuona kama kina kinapungua kama ulivyokadiria. Kamba ikionyesha umepanda haraka kuliko hesabu, mzigo umekwama njiani na kuna utupu chini yake. Usiongeze, uangushe kwanza kwa kugonga na kitu kizito kilichofungwa kamba. Endelea na kokoto hadi sentimita 30 hivi juu ya uso wa maji. Hapa ndipo maji yanapotembea, na tunayaacha yaendelee kutembea.

Juu yake sasa weka kizuizi. Kilicho bora ni bentonaiti, mfinyanzi wa pekee utokanao na majivu ya volkano, ambao ukilowana huvimba na kujibana kwenye kila ufa. Huuzwa kwa vipande vidogo kama kokoto. Tabaka la sentimita 30 katika kisima chetu ni mita za ujazo 0.34, yaani mifuko 15 hivi ya kilo 25. Likiwa juu ya maji halitavimba lenyewe, kwa hiyo limwagie maji safi hadi lilowe lote, kisha lipe saa kadhaa kabla ya kuendelea.

Bentonaiti isipopatikana, mfinyanzi wa kawaida uliokandwa vizuri unafaa, ila uwe mfinyanzi kweli. Chukua kiasi, ulowe kidogo, uusokote kati ya viganja. Ukitoa uzi mwembamba kuliko penseli bila kukatika, unafaa. Ukimeguka, una mchanga mwingi. Tabaka la mfinyanzi wa kukandwa liwe nene zaidi, mara mbili au tatu ya lile la bentonaiti.

Kutoka hapo hadi karibu na juu, jaza udongo safi wenye mfinyanzi, usio na mawe makubwa wala mizizi, ukishindilia kila nusu mita. Kushindilia kutoka juu si rahisi. Njia inayofanya kazi ni gogo zito au kipande cha zege kilichofungwa kamba kinachopita kwenye kapi, watu wawili wakivuta na kuachia, wakikihamisha upande hadi upande. Kila mita 3 weka tabaka jingine la bentonaiti la sentimita 15. Ni kazi ya siku kadhaa na inachosha. Anayemwaga udongo wote mchana mmoja na kuondoka ataukuta umeshuka mita nzima mvua zikiisha.

Usiharakishe pia kubomoa ukuta wa ndani. Ngoja udongo ufike mita 1 hadi 1.5 kutoka juu, wakati shimo limekuwa la kina cha kawaida, ndipo ubomoe matofali au pete za zege za sehemu hiyo ya juu na kuzitoa. Ukuta ukiachwa mpaka juu, maji ya mvua hufuata ufa ulio kati yake na udongo na kushuka nyuma ya kazi yako yote. Ukishautoa, panua shimo sentimita 30 kila upande, kingo zikiwa na mteremko ili zisiporomoke, kisha weka bamba la zege au tabaka nene la mfinyanzi ulioshindiliwa linalovuka ukingo wa kisima cha zamani. Juu yake udongo wa kawaida, ukiinuka kama kilima kidogo cha sentimita 30 ili maji yatiririke kwenda nje.

Kisima kirefu cha bomba

Hiki ni chembamba, kwa hiyo kinataka vifaa kidogo na uangalifu mwingi. Bomba la milimita 150 lina lita 17.7 kwa kila mita, na mita 60 ni lita 1,060. Mfuko wa saruji wa kilo 50 uliochanganywa na lita 26 hivi za maji hutoa rojo la lita 42, basi ungehitaji mifuko 26 hivi kulijaza lote kwa saruji. Maji yasizidi lita 27 kwa mfuko. Rojo jepesi humwagika vizuri lakini likikauka hunywea, na ukutani hubaki uwazi.

Usilimwage rojo kutoka juu. Saruji ikianguka ndani ya maji hutengana: chembe zake zinatawanyika, zinafika chini zikiwa tope lisiloshikamana. Shusha bomba jembamba la milimita 25 hadi 50 mpaka karibu na chini kabisa, lisukume rojo kupitia humo, na ulivute bomba juu taratibu huku ncha yake ikibaki imezama ndani ya rojo wakati wote. Maji ya kisima yatasukumwa juu na kutoka mdomoni. Yaelekeze mbali na mto, bwawa na mazao. Linapoanza kutoka rojo lenye rangi na uzito ule ule ulioweka, kisima kimejaa. Kesho yake litakuwa limeshuka kidogo, ongeza.

Unaweza pia kutumia vipande vya bentonaiti, na kwa anayefanya bila pampu ya rojo ndiyo njia nyepesi. Vichekeche kwanza kwenye wavu ili vumbi libaki nje, kwa sababu vumbi hugeuka gundi juu ya maji na vipande vinavyofuata vinakwama hapo, kisima kikaonekana kimejaa ilhali chini kitupu. Kila mfuko uchukue walau dakika 3 kumwagika. Pima kwa kamba baada ya kila mfuko, hata kama mkono umechoka.

Mahali maji yanapoingilia, palipo na bomba lenye matundu, unaweza kuweka mchanga safi badala ya saruji, kama karatasi ya uchimbaji inakuonyesha wazi ni wapi. Ukikuta rojo linaingia na kina hakipungui, kuna ufa mkubwa au pango kwenye mwamba. Acha kusukuma, jaza sehemu hiyo kokoto hadi uipite, kisha endelea.

Mwisho chimba kuzunguka bomba hadi mita 1, likate hapo, na umwage zege juu yake lienee kama uyoga kupita pande zote za bomba. Fukia na inua udongo.

Visima ambavyo si vyako kufanya

Kisima kinachobubujika chenyewe kina msukumo kutoka chini, na anayekijaza bila kujua uzito wa rojo unaotakiwa anaweza kuyaacha maji yatoboe pembeni na yasizuilike tena. Kisima chenye harufu ya mafuta ya petroli au kemikali kinahitaji kupimwa kwanza, kwani ukikiziba unaifungia sumu ndani. Kisima chenye pampu iliyokatikia chini, chenye ukuta unaomomonyoka, au kilicho chini ya nyumba, vyote hivyo ni vya mchimbaji mwenye leseni na mitambo.

Baada ya kuziba

Andika. Mahali hasa kisima kilipo kwa vipimo vya GPS na kwa umbali kutoka vitu viwili visivyohama, kina chake, upana, kiasi na aina ya kila ulichoweka kwa mpangilio, tarehe, na picha za kila hatua. Nakala moja iende ofisi ya maji, moja ikae pamoja na hati za ardhi ili anayerithi au anayenunua aikute. Pachika chuma kidogo ardhini juu ya zege, kitakachoonekana kwa kipima-metali hata nyasi zikifunika.

Usijenge nyumba wala choo juu yake, na usiruhusu gari zito lipite hapo kwa mwaka wa kwanza. Panda nyasi. Mti usipande, mizizi yake itafuata udongo uliolegea hadi chini.

Nenda ukapatazame baada ya kila mvua kubwa ya msimu wa kwanza. Kama kile kilima kimekuwa bapa, ongeza mfinyanzi na ushindilie. Kama pamebonyea ghafla, au pamefunguka tundu, udongo unaelekea mahali fulani chini ambako palibaki utupu. Rudisha uzio, wazuie watoto, na umwite mchimbaji kabla ya kumwaga toroli hata moja zaidi.